Kiti Nilichobeba Kwenda Kanisani

Kwa miaka mingi Jumapili yangu ilianza na kiti. Mama alikunja kitenge akafanya ngata, akanitwika kiti miguu ikielekea juu, nami nikatangulia njiani. Baba alikuja nyuma yangu na koti lake la kahawia, mikono mitupu, kwa sababu mkuu wa kigango haonekani amebeba kitu. Vijana wa baiskeli waliokuwa wakipeleka ndizi sokoni walitupisha. Mmoja wao hakukosa kusema, "Kiti kimepita, misa inaweza kuanza." Mtu mwenye mzigo kichwani hawezi kuinamisha kichwa, kwa hiyo nilijifunza kuinamisha macho peke yake.

Kilikuwa kiti kizito cha mbao pana, chenye mikono. Baba alikitengeneza mwenyewe tulipokaribia kurudi Burundi kutoka kambini Tanzania, kambi nilimozaliwa. Mgongoni mwa kiti palikuwa na tundu dogo lililozibwa kwa kipande cha mti. Nilidhani ni kasoro ya mbao tu, sikuwahi kuuliza.

Tulipofika Giteranyi tulikuta kanisa dogo la matofali, ambalo wenyeji huliita sukirisali na baba akaendelea kuliita kigango, kama kule tulikotoka. Halikuwa na kiti cha padri. Padri wa parokia alipokuja, mara moja moja, aliletewa benchi la shule. Baba aliona aibu kwa niaba ya watu wote, akasema kiti chetu kitatumika. Watu walifurahi. Walimwona mtu mwenye moyo, anayejua kusoma, aliyewahi kuongoza kanisa kubwa kambini. Haukupita muda mrefu wakamchagua mkuu.

Jumapili ambazo padri hakuja, baba ndiye aliyeongoza sala. Mwanzoni kiti kilikaa kitupu pembeni ya altare naye alisimama. Kisha mguu ukamuuma, akakaa. Mguu ukapona, akaendelea kukaa.

Nyumbani hatukulizungumza jambo hilo. Kanisani lilizungumzwa sana. Baba ndiye aliyesema nani anafaa kuwa msimamizi wa ubatizo na nani hafai, mtoto wa nani amefundishwa vya kutosha na wa nani arudie, nani aimbe na nani anyamaze. Jirani yetu mmoja, mama wa kwaya mwenye sauti nene inayosikika hadi bondeni, alikwenda kwenye harusi ya mpwa wake kwa walokole. Baba akamtoa kwenye kwaya hadi Pasaka. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma wa kwaya hiyo hiyo, ninayefungua mdomo bila kutoa sauti kubwa. Jumapili ile aliyokaa benchini na watoto, alinigeukia akanitazama, si kwa hasira, ila kama mtu anayetazama nyumba ya mtu fulani akipita.

Watu wakaanza kupungua. Wengine walivuka mpaka kulima mashamba ya watu Tanzania, hawakurudi. Wengine walihamia kwa walokole, waliojenga karibu sana na sisi wakanunua kinanda na spika. Baba alisema ni kinanda kinachowavuta. Mama, akichambua maharage, alisema taratibu, "Kinanda hakimtoi mtu kwenye kwaya." Baba alijifanya hajasikia.

Ndipo paroko akatangaza kwamba kigango chetu kitaunganishwa na kanisa la parokia ng'ambo ya bonde. Watu wamekuwa wachache, alisema, na katekista mmoja hawezi kugawanyika. Jengo litatumika kwa mafundisho ya watoto katikati ya wiki. Baba alitakiwa kukabidhi ufunguo na ngoma ya kuitia watu.

Baba aliitikia kwa kichwa. Jumapili iliyofuata, ambayo paroko alisema atakuja kutuaga kwa misa ya mwisho, hatukubeba kiti. Baba alikaa juu yake uani kwetu, amevaa koti, ufunguo ukiwa umefungwa kwa uzi shingoni, ndani ya shati, kama alivyouvaa siku zote. Tulisikia pikipiki ya paroko ikipanda. Tulisikia ikizimwa. Baada ya muda baba akaniita.

"Nenda umwambie padri ufunguo umepotea."

"Baba?"

"Umepotea. Nenda."

Nilikwenda. Watu wote walikuwa wamesimama nje juani, paroko katikati na mkoba wake wa misa, kwenye mlango uliofungwa. Waliniona nikija kutoka mbali, na kadiri nilivyokaribia ndivyo walivyonyamaza. Nilifika mbele ya paroko nikasalimu. Nikasema, nadhani kwa sauti ambayo yeye tu alisikia, kwamba baba anasema ufunguo umepotea.

"Anasema nini?" aliuliza mtu nyuma.

"Ufunguo umepotea," paroko alirudia.

Mama wa sauti nene akasema, "Umepotea shingoni?"

Walicheka. Walicheka wote, hata katekista, hata wazee waliokuwa wakimwinamia baba kila Jumapili. Paroko hakucheka. Aliniuliza, "Wewe umekula, mwanangu?" Sijui kwa nini aliuliza hivyo. Swali hilo lilinitia aibu kuliko kicheko. Nilisema ndiyo, na haikuwa kweli.

Misa ilisomwa pale pale nje ya kanisa. Meza iliazimwa kwa walokole. Vijana wao wawili waliileta wenyewe, wakaifuta kwa mashati yao, wakakaa pembeni kutazama. Kiti hakikuwepo, paroko alisimama muda wote, hata wakati wa kukaa. Kila aliposimama palipostahili kukaa, watu walinitazama mimi, kana kwamba nimekificha mgongoni.

Mwisho wa misa paroko alisema maneno machache. Jumapili baada ya hiyo inayokuja tutasali pamoja ng'ambo ya bonde. Kama mkuu wa kigango ataleta ufunguo siku hiyo, atapokelewa kama ndugu. Asipouleta, asisogee kupokea komunyo, hapa wala mahali pengine, mpaka atakapouleta. Aliyasema bila kupandisha sauti.

Nilimpelekea baba maneno hayo. Nilitegemea akasirike. Alisema, "Huyu padri kijana hajui kitu. Kuna aliyenipa kazi hii kabla yake." Akaniambia nijiandae, tunakwenda Gitega.

Aliyemkusudia ni padri mzee, aliyetuhudumia kambini nilipokuwa mdogo, na sasa alikuwa amestaafu, anaishi Gitega katika nyumba ya mapadri wazee. Baba alikuwa na hakika kwamba mzee huyo akimwandikia au kumpigia mtu mmoja tu, mambo yatageuka. Mama alitoa jogoo, akamfunga miguu. Alinivuta pembeni akaniambia, "Nenda naye. Akiwa na mtoto mbele yake hatapiga kelele."

Siku zile mafuta ya magari yalikuwa ya shida. Tulifika mji wa Muyinga asubuhi, tukangoja gari hadi mchana kwenye kibaraza cha fundi cherehani. Ni Mwislamu wa pale mjini, na ndiye aliyetushonea sare za kwaya. Alimfurahia baba.

"Muzehe! Mi bado niko na kitambaa yenu, ile ya kijani. Iko pale juu, panya zinakula tu. Mtakuja kushona lini?"

"Kwaya imepungua kidogo," baba alisema.

"Imepungua aje? Si mlisema wataongezeka?" Fundi alisimamisha cherehani. "Basi leta hao walibaki, nitawashonea mbili-mbili."

Alicheka mwenyewe. Baba alicheka pia, cheko la adabu, akageuka kumtazama jogoo. Alikuwa amemwambia fundi, mbele yangu, kwamba kwaya yetu itakuwa kubwa kuliko ya parokia. Nilikuwepo, nilishika kitambaa kile kwa vidole.

Gitega tulifika jua likiwa limeshuka, tukalala kwa mtu wa ukoo. Asubuhi tulikwenda kwenye nyumba ile. Mlinzi alimuuliza baba ametoka wapi, ni nani, ana shida gani. Baba alisema, "Mwambie mkuu wa kigango amekuja." Mlinzi akauliza, "Kigango kipi?" Baba akataja. Mlinzi hakukijua. Akatuambia tukae ukutani.

Pale ukutani nilimwona baba kwa namna ambayo sikuwahi kumwona. Kila padri au mtawa aliyepita, baba alisimama haraka, akavua kofia, akakaa tena. Walipita wakisalimu bila kusimama. Hakuna aliyemjua. Nyumbani nilizoea kuona aibu kwa sababu baba alikuwa mkubwa mno. Nilitamani mara nyingi apunguzwe. Sasa alikuwa amepunguzwa mbele yangu, anavua kofia na kuivaa, na niliona kwamba hili nalo siwezi kulitazama. Nilimshughulikia jogoo ambaye hakuwa na shida yoyote.

Padri mzee alikuja na fimbo, ameshikwa mkono na kijana. Alikuwa amekuwa mwembamba sana. Alimtazama baba kwa muda, kisha uso wake ukafunguka.

"Ee! Ni wewe? Wewe si ndiye uliyechukua mlango?"

Baba alibaki na mkono hewani.

"Mlango wa kanisa letu kule kambini," mzee alisema akicheka, akigeuka kunieleza mimi. "Kambi ilipofungwa tulivunja kanisa, mbao zikaenda kwa ndugu wa kijiji cha jirani wajengee la kwao. Kila kitu kilifika, mlango haukufika. Wale ndugu walitundika turubai mwaka mzima! Nikaambiwa, ni mkuu wako aliyeondoka nao. Nikasema mwacheni, labda ameupenda."

Nilifahamu mara moja. Nililiona lile tundu lililozibwa mgongoni mwa kiti. Lilikuwa tundu la ufunguo.

Baba hakukana. Alikaa chini, taratibu, kwenye sakafu ya kibaraza na si kwenye kiti alichoonyeshwa. Alisema, "Padri, mimi niliuchonga ule mlango mwenyewe. Nilikata mti mwenyewe."

"Najua. Nilikubariki ukiuchonga." Mzee aliacha kucheka. "Ukaufanyia nini?"

"Kiti."

"Kizuri?"

"Kizuri, padri."

"Nani anakikalia?"

Kijana aliyemshika mzee mkono alitazama kwingine. Mimi sikujua pa kutazama.

Baadaye baba alieleza yaliyomleta, lakini aliyaeleza kama mtu anayesoma maandishi ya mwingine. Padri mzee alisikiliza, akamwomba arudie sehemu ya ufunguo kwa sababu sikio moja halisikii. Baba akarudia, kwa sauti ya juu, uani mwa watu, kwamba amekataa kutoa ufunguo. Mtawa mmoja aliyekuwa akianika nguo aligeuka.

"Nilipofika hapa," mzee alisema, "waliniomba ufunguo wa chumba changu. Chumba cha kulala! Wanaogopa nitajifungia nife humo ndani wavunje kitasa. Nilikasirika siku tatu. Nikawapa. Sasa kila asubuhi huyu mtoto anafungua mlango bila kubisha, ananikuta sijavaa suruali." Alimpiga kijana bega. "Nimezoea. Hata wewe utazoea."

Hakuahidi kumpigia mtu yeyote. Baba hakuomba tena. Alipiga magoti, akabarikiwa, nami pia. Tulimwachia jogoo.

Tukaanza safari ya kurudi. Muyinga, fundi alipunga mkono kutoka kibarazani, baba akapitia upande mwingine wa barabara.

Jumapili ilipofika, alivaa koti akaniambia nilete kiti.

Mama aliacha kufagia. "Huko kuna viti. Tena vya kutosha."

"Hiki ni cha kanisa," baba alisema.

Mama alimtazama, akanitazama mimi. Sikuwa nimemwambia habari za mlango. Alikunja kitenge akanitwika, na nilihisi mikono yake ikikaa kwenye miguu ya kiti kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Njia ya bondeni ni ndefu na siku hiyo kila mtu alikuwa njiani. Wa kwetu wote walikuwa wanavuka na ng'ambo walikuwa wanatungoja. Walipoona kiti walijua, au walidhani wanajua.

"Mfalme anahama!"

"Mzee, huko ng'ambo utakaa wapi, juu ya paroko?"

"Dada, shingo yako haijachoka na huyu mtu?"

Baba alitembea. Angeweza kusema, hiki nakirudisha, si changu. Maneno hayo manne yangefunga midomo yao. Hakuyasema. Na mimi niliyeyajua sikuyasema pia. Jasho lilinishuka machoni, sikuwa na mkono wa kulifuta.

Kanisani baba alikwenda moja kwa moja sakristia. Nilimfuata nikatua kiti mlangoni. Alivua uzi shingoni, akaweka ufunguo kwenye kiganja cha paroko. "Na kiti hiki ni cha kanisa," alisema. "Kilikuwa mlango." Paroko hakuelewa, alikuwa amevaa nusu na watu walikuwa wanaingia. Alisema, "Asante, mzee, asante sana," akamwambia katekista atafute pa kukiweka. Katekista alikiweka nyuma kabisa, karibu na maji ya baraka. Mama mmoja mwenye mimba akakikalia, akaegemea mgongo, akafumba macho.

Baba alikaa benchini, kati ya wazee wawili wa ng'ambo walioongea na kila mtu ila yeye. Alipokea komunyo. Nilimwona akirudi mahali pake, mikono kifuani, na nikadhani kwamba yamekwisha.

Lakini baada ya komunyo, kwetu, kulikuwa na kimya kidogo, halafu baba alikohoa, akasimama, akatoa matangazo. Miaka yote hiyo ilikuwa hivyo. Kimya kile kilipofika, baba alikohoa akasimama. Nina hakika hakukusudia. Mwili wake ulifanya tu. Alitoka benchini akaanza kwenda mbele, hatua zake za siku zote, na kule mbele katekista wa ng'ambo alikuwa tayari amesimama na karatasi yake ya matangazo.

Kanisa lote likamwona. Mtu mmoja upande wa wanaume alianza kucheka kwa pua. Mama wa sauti nene alikuwa mbele yangu kwenye kwaya, maana ya kwetu ilikuwa imechanganywa na ya parokia, niliona mabega yake yakipanda, anavuta pumzi ya kusema kitu. Baba alikuwa amemwona katekista. Alisimama katikati ya njia. Hakujua aende wapi.

Niliimba. Mimi ambaye hata kwenye kwaya hutambui kama niko, nilianzisha wimbo wa kutoka, ule unaoimbwa baada ya baraka ya mwisho, watu wakishika mabegi. Niliuanzisha peke yangu, juu mno, kabla ya matangazo na kabla ya baraka. Sauti ilivunjika kwenye neno la pili. Mama wa sauti nene aligeuka akanitazama, mdomo wazi. Kisha, kwa ile pumzi aliyokuwa ameshavuta, akaupokea wimbo. Kwaya ikafuata kwa mazoea, na watu wakisikia wimbo wa kutoka husimama. Kanisa zima lilisimama. Baba akawa mtu mmoja aliyesimama kati ya watu waliosimama.

Paroko aliinua mikono tukanyamaza kwa mafungu.

"Ninyi mliovuka bonde mna haraka ya soko leo?" alisema. "Nani ametufukuza?"

Wote wakanigeukia. Walicheka mpaka mtoto mmoja akalia. Nilitamani sakafu ifunguke niingie. Baba alikuwa amesharudi benchini, na wazee wawili, wakicheka, walimsogelea kumpa nafasi.

Tangu siku hiyo wasichana wa parokia wameniwekea utani. Nikiingia tu, mmoja husema, "Amefika, bebeni mabegi," na mwingine, "Padri toa baraka upesi kabla hajaimba." Uso unawaka kila mara, sijazoea. Kiti kiko nyuma bado. Hukaliwa na wajawazito na wagonjwa, na siku za mvua watu huweka miavuli yao juu yake.

Jumapili moja tulikuwa tunatoka, wakaanza utani wao mbele ya baba. Nilimtazama haraka. Sijui kama alijua kwa nini niliimba siku ile. Hatujawahi kulisema. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akawaambia, "Huyu tangu mtoto hajui kungoja baraka," kisha akacheka pamoja nao, kwa sauti, mkono begani kwa mmoja wa wale wazee.

Nilimwacha acheke.